Birdman of Alcatraz: tulimlilia muuaji, askari aliyechomwa kisu hata jina hatumjui

Kibanda Umiza

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu kimya kimya.

Wiki iliyopita malaria ilinilaza siku tatu, bando lipo, muvi za sasa zimenichosha, nikasema ngoja niirudie Birdman of Alcatraz (yaani mtu wa ndege wa Alcatraz, lile gereza la kisiwani Marekani) ya mwaka 1962, ile ya Burt Lancaster. Mara ya kwanza niliiona niko darasa la tano kwa jirani aliyekuwa na deki peke yake mtaa mzima, watoto kama ishirini tumejazana sakafuni, kingereza hatusikii, kuna kaka mmoja wa fomu tuu ndo anatutafsiria, anachoelewa anasema na asichoelewa anatunga. Nililia wakuu. Mfungwa katili, hasemi na mtu, yuko peke yake kwenye seli, siku ya mvua na upepo anaokota kinda la shomoro lililodondoka na kiota chake, analiweka kwenye soksi lipate joto, analilisha, na kidogo kidogo yule jamaa mwenyewe anaanza kuwa mtu. Nani asiye na roho ya kulia hapo.

Safari hii nimeiangalia mtu mzima, nina watoto wawili, na jirani yangu wa ukuta mmoja ni askari magereza, asubuhi giza bado namsikia anapiga buti zake brashi. Sasa kilichonikaba sio shomoro. Ni dakika za mwanzo. Kuna askari anachomwa kisu bwaloni wafungwa wanakula. Anaanguka, basi, imeisha hiyo. Muvi ina saa mbili na nusu na yule mtu kapewa muda kama wa tangazo la sabuni. Baada ya hapo ni mama wa mfungwa anahangaika mwanae asinyongwe, halafu ndege, ndege, ndege, mpaka mwisho. Aliyekufa ni kama kasahaulika.

Nikaanza kuchimba. Kumbe stori ni ya kweli (hilo nilijua) na yule askari alikuwa mtu kweli (hilo nilikuwa sijawahi hata kuwaza). Aliitwa Andrew Turner. Gereza la Leavenworth, Kansas, Jumapili tarehe 26 Machi 1916. Mfungwa ni Robert Stroud, miaka 26. Mbele ya wafungwa zaidi ya elfu moja wameshika vijiko.

Kosa la Turner? Alimwandikia ripoti. Stroud alivunja sheria ndogo ya gereza, Turner akaandika kama kazi yake inavyomtaka, na hiyo ripoti ingeweza kumfutia Stroud ruhusa ya kuonana na mdogo wake aliyekuja kumtembelea, mtu hawajaonana miaka. Siku ya pili wakakutana bwaloni, maneno mawili matatu, kisu kikatoka kwenye nguo. Kwenye muvi wameweka mama badala ya mdogo wake, sababu mama anauza zaidi, na ukiangalia vizuri muvi inakupanga kabisa uone kama vile askari kajitakia.

Swali langu kwa jukwaa: hivi kwenye stori za jela, kwa nini roho zetu zinaenda kwa mfungwa moja kwa moja? Nitaendelea, ngoja nile kwanza.

---

Chura wa Msimbazi

Nakaa pale kwenye kona nasubiri muendelezo. Bisi ninazo.

---

Dogo Mjanja

Muvi ya 1962 nyeusi na nyeupe na mtu anaumia moyo mwaka huu 😂 mkuu hiyo malaria haijaisha rudi hospitali

---

Mama Nasra

Mimi najibu swali. Roho inaenda kwa mfungwa sababu kila mtu ana ndugu, au ana ndugu wa ndugu, aliyeingia ndani kwa kuonewa. Askari tunakutana nae getini anatupekua mapochi na chakula tulichopika anakikorogakoroga na kijiko chake. Utampendea wapi? Endelea baba, lakini usituhukumu sana.

---

Kibanda Umiza

Mama Nasra umenijibu vizuri na ugali umeshuka, naendelea.

Stroud hakuanza na Turner. Kazaliwa Seattle 1890, katoroka nyumbani bado kitoto cha miaka 13, akaishia Alaska, akiwa na miaka 18 anaishi na mwanamke anayemzidi umri mara mbili, mwanamke wa kwenye mabaa. Januari 1909 mjini Juneau kuna jamaa muuza baa alimpiga yule mama, na hela hakumlipa. Stroud kamfata na bastola, kamuua, na waleti kaondoka nayo. Hapo kwenye waleti huwa watu wanaparuka haraka. Akapewa miaka 12, gereza la McNeil Island. Huko nako akamshambulia mhudumu wa zahanati aliyemripoti kwamba anatafuta dawa za kulevya kwa vitisho, na inasemekana akamchoma kisu mfungwa mwenzie. Wakamuongezea miezi, wakamhamishia Leavenworth mwaka 1912.

Kwa hiyo Turner anakutana na mtu ambaye kashaua na kashachoma. Halafu kumbuka askari wa ndani pale hana bunduki. Ana kirungu. Mahakamani Stroud alijitetea kwamba Turner alitaka kumpiga na hicho kirungu, eti alijihami. Kisu cha kujihami unakaa nacho kwenye nguo unapoenda kula, sawa.

Kesi yake sasa ndo muvi yenyewe, na kwenye muvi wameifupisha. Kesi ya kwanza 1916 akahukumiwa kunyongwa. Rufaa, ikafutwa. Kesi ya pili akapata kifungo cha maisha. Mtu mwenye akili timamu hapo anatulia anashukuru Mungu, yeye kakata rufaa tena, ikafutwa tena, kesi ya tatu mwaka 1918 wakamrudishia kitanzi! Mahakama Kuu ya Marekani Novemba 1919 ikasema kitanzi kibaki. Siku ya kunyongwa ikapangwa, Aprili 1920.

Mama yake, Elizabeth, akakataa. Akaandika, akaomba, mpaka ikulu. Na wakati ule Rais Wilson alikuwa amepata kiharusi tangu Oktoba 1919, yuko kitandani, mambo mengi yanapita kwa mkewe Edith. Mama akamwandikia mama. Siku chache kabla ya kitanzi Wilson akampunguzia ikawa kifungo cha maisha. Wakuu wa gereza nao wakasema haya, maisha yako utayamaliza peke yako, hutachanganyika na wenzio tena.

Nawaambia ukweli hapa kwa mama huwa nalegea. Mama yangu mimi angefanya hivyo hivyo, angeuza na shamba. Lakini Turner nae alizaliwa na mtu.

---

Wakili wa Mchongo

Nimesoma yote, uzi mzuri, ila mkuu unatupeleka upande mmoja kama trekta.

Huyo mtu alikaa jela miaka 54. Kati ya hiyo, 42 alikaa peke yake. Rudia hiyo namba taratibu. Mtu kaingia Teddy Roosevelt katoka tu madarakani, kafa Kennedy yuko ikulu. Miaka 42 hugusi mtu, hukai meza moja na mtu, ukiongea unaongea na ukuta au na askari anayepita. Mimi nikifungiwa chooni kwa bahati mbaya dakika kumi naanza kugonga mlango nalia. Sasa ukiniambia muvi imemtetea sana, nakujibu kwamba watengeneza muvi hawakuwa wanauliza kama aliua au hakuua, hilo limeonyeshwa wazi na sura ya Lancaster imekaa pale kama jiwe haombi hata msamaha. Walikuwa wanauliza serikali inapata nini kumweka binadamu kwenye boksi maisha yake yote. Ni maswali mawili tofauti, wewe unayapika sufuria moja.

Na tena, elimu yake ilikuwa ya darasa la tatu. La tatu! Ndani ya hilo boksi kasoma, kasoma, mpaka kaandika kitabu cha magonjwa ya kanari mwaka 1933 na kingine kikubwa cha magonjwa ya ndege mwaka 1943, ambacho wafugaji walikitumia kweli. Hiyo sio sinema, vitabu vipo. Mtu kama huyo huwezi kusema ni kichaa tu wa kisu.

---

Kibanda Umiza

Wakili sikatai, tena nakuongezea.

Wale shomoro wa kweli walikuwa watatu, aliwaokota uani mwa gereza mwaka 1920, wameumia. Baadae akaingia kwenye kanari (kama hamuwajui, ni ukoo mmoja na hawa chiriku wetu), na akafuga kama 300 kwa miaka ile. Ndani ya seli! Wakampa seli mbili zinazopakana, moja ya kulala moja ya ndege. Mkuu wa gereza wa kipindi hicho alilipenda lile jambo, wageni wakija anawapitisha pale waone mfungwa aliyebadilika, wengine wananunua kanari wanaondoka nae. Ndege wakaanza kufa na maradhi, jamaa akawapasua mwenyewe, akaangalia kwenye darubini, akachanganya dawa, akapata zinazofanya kazi. Walipotaka kumfungia biashara mwaka 1931, akashirikiana na mama mmoja mpenda ndege kutoka Indiana, wafuga ndege maelfu wakaandika barua, serikali ikanywea. Yule mama 1933 akamuoa, ndoa ya kutokea jela, na mama mzazi kuona vile akakasirika akahama mji na hakuongea na mwanae tena mpaka kafa 1937. Mama aliyemtoa kwenye kitanzi, hebu fikiria, ameshindwa na mkwe 😅

Lakini sasa. Ile mitungi na vioo vya kutengenezea dawa za ndege, walipokuja kupekua wakakuta jamaa anapika gongo. Hii muvi haikai nayo, na mimi ndo nilicheka peke yangu kitandani na homa yangu, maana hapo ndo mtu anakuwa mtu kweli, sio yule malaika wa Lancaster. Gongo safi ya maabara.

Na jina lenyewe la muvi ni uongo, kuna mnaojua? Alcatraz hakufuga hata unyoya. Ndege wote ni wa Leavenworth. Desemba 1942 asubuhi walimwamsha, jiandae unahama, hakuna kuaga, hakuna ndege, akaenda Alcatraz, mfungwa namba 594. Miaka sita akakaa upande wa seli za adhabu, 11 akakaa hospitali ya gereza. Miaka 17 kwenye kile kisiwa na shakwe wanapiga kelele nje usiku na mchana, yeye hana hata mmoja. Hapo Wakili nakupa pointi yako, hiyo ni adhabu ya mtu aliyekaa akaiwaza.

Kinachoniudhi bado kipo palepale. Waliokaa nae, wafungwa na askari, wengi wamesema jamaa alikuwa mbabe, mchafu wa mdomo, hatari. Nani aliyekuja kutuletea yule mpole?

---

Msee wa Rongai

Wadau salimianeni na sisi wa Kenya. Huku sare ya mfungwa, ile ya mistari nyeusi na nyeupe, tunaiitanga kunguru. Kwa hivyo Birdman hapa tuko nao wengi tu, wamejaa lori nzima wakienda kortini 😂

Seriasi sasa. Mimi nimeiona hiyo muvi na naona mmeruka askari wa pili, yule mnene, Ransom, aliechezwa na Neville Brand. Kuna ile sini Stroud anataka kasha la mbao atengenezee ndege nyumba, na Ransom anamgeuka, anamwambia mimi nimekuletea vitu siku zote, hujawahi kunisemesha kama mtu, kwako mimi ni yunifomu tu. Jamaa wa kisu ameshikwa hapo! Ananyamaza, alafu anaomba msamaha, kwa shida, kama mtu anang'olewa jino. Kwangu hiyo ndio sini ya maana kuliko ndege zote, kwa sababu hapo mfungwa ndio anafunzwa adabu na askari, sio vile huwa tunaonyeshwa askari ni mnyama na mfungwa ni mtakatifu. So usiseme muvi imesahau askari. Imesahau mmoja, imekumbuka mmoja.

---

Kibanda Umiza

Msee umenikamata. Ile sini kweli nimeirudia mara mbili. Ila angalia ujanja wake: askari anayekumbukwa ni yule anayeleta boksi. Aliyeandika ripoti kasahaulika. Sasa gereza linaendeshwa na nani kati ya hao wawili?

---

Dogo Mjanja

nimeanza kuiangalia. dakika ya 20. naona mtu kavunja kioo cha treni wenzie wapate hewa. mmeanza kunichanganya nyie wazee

---

Binti Afande

Nilikuwa napita tu lakini hapa lazima nikae.

Baba yangu ni askari magereza mstaafu, sitataja gereza wala mkoa. Tumekulia kota. Wengi mnaandika kama vile askari na mfungwa ni simba na swala, nani simba inategemea muvi. Sio hivyo. Baba alikuwa anasema wanafungwa wote, ila yeye ndo anarudi nyumbani kulala. Asubuhi kufungua lokapu na kuhesabu, jioni kuhesabu na kufunga lokapu, hesabu isipokubali hakuna anayeenda nyumbani, sisi tunasubiri na chakula kimepoa, mama anatoka anasimama barazani anaangalia njia ya getini. Hiyo hesabu isiyokubali ndo ilikuwa hofu ya utoto wetu.

Hilo la kutoingia na bunduki ndani, msilishangae, ndo utaratibu wenyewe na una akili. Askari mmoja katikati ya watu mia, akiwa na bunduki, bunduki sio yake tena, ni ya wale mia. Kwa hiyo anaingia na mdomo wake, na filimbi, na heshima aliyojijengea. Baba alimjua kila nyapara na kila mkorofi kwa jina la mama yake. Na ripoti anaandika. Asipoandika leo kwa sababu anamuonea huruma fulani, kesho wote wanajua afande fulani anaachia, na keshokutwa kuna mfungwa dhaifu huko ndani anateswa na hao walioachiwa. Kwa hiyo huyo Turner mimi namuelewa bila hata kumjua. Kaandika sababu ni Jumamosi na ndo kazi. Hajui kama kaandika kifo chake.

Kuna mfungwa mmoja wa kesi ya mauaji, watu wote wanamuogopa, baba aliniambia alikuwa akipewa zamu ya bustani anaongea na mchicha. Kabisa, anauliza mchicha umeamkaje. Baba hakuwahi kumcheka. Lakini pia hakuwahi kumpa mgongo. Vyote viwili, kila siku, miaka. Hiyo ndo kazi, na sijaona muvi inayoionyesha.

---

Mama Nasra

Binti Afande umenitoa machozi kwa "mama anaangalia njia ya getini". Nafuta nusu ya nilichosema. Nusu ya kukoroga chakula inabaki.

---

Binti Afande

Shikamoo mama. Ile ya kukoroga wanatafuta wembe. Baba alishakuta, ndani ya wali.

---

Kibanda Umiza

Kwa heshima ya Binti Afande ngoja niwaletee kipande ambacho muvi imekitumia vibaya kuliko vyote.

Mei 1946, Alcatraz. Watu wanaita vita vya Alcatraz, na vilikuwa vita kweli, siku tatu tarehe 2 mpaka 4. Mfungwa anaitwa Bernard Coy alisoma udhaifu mmoja: roshani ya juu askari alipokuwa na bunduki ilikuwa imezibwa na nondo, na yeye akatengeneza kidude cha kutanua nondo. Akapenya, akampiga askari wa juu, akachukua bunduki. Hapo sasa Binti Afande aliposema bunduki ikiingia inakuwa ya wale mia, ndo hii. Wakateka askari, wakawajaza selini. Mpango ni kutoka mlango wa uani, wakimbilie boti. Kilichobaki ni ufunguo.

Askari mmoja, William Miller, ufunguo wa mlango ule anao. Namba 107. Kaficha. Wanampekua, wanampiga, hawaupati mapema, wanajaribu funguo nyingine moja moja mpaka kufuli lenyewe likagoma kabisa. Walipokuja kuupata ule wenyewe, mlango haufunguki tena! Mpango ukafia pale pale, mbele ya mlango. Mmoja wao, Cretzer, kwa hasira akawamiminia risasi askari waliofungiwa selini. Miller akafa kwa majeraha. Askari mwingine, Harold Stites, akafa wakati wa kurudisha jengo. Waliletwa mpaka wanamaji wa jeshi, mabomu yanarushwa ndani kupitia paa. Coy, Cretzer na mwenzao Hubbard wakakutwa wamekufa kwenye njia ya mabomba nyuma ya kuta. Wengine wawili wakauawa kwa gesi Desemba 1948.

Stroud alikuwemo jengo hilo, na kweli inasimuliwa kwamba alisaidia, aliwapigia kelele walio nje waache kupiga upande wao maana huku hakuna bunduki. Vizuri, simnyimi. Lakini muvi imechukua tukio lote lile, askari wawili wamekufa, mmoja kafia ufunguo, na imeligeuza ni sehemu ya kumuonyesha Stroud mwenye busara. Ufunguo namba 107 haupo. Mimi ningekuwa dairekta, muvi nzima ningeitengeneza juu ya ule ufunguo, mtu mmoja amekaa sakafuni na kitu kidogo hivi ambacho watu sita wanakitafuta.

---

Wakili wa Mchongo

Hiyo ningenunua tiketi. Na bado nashikilia yangu ya miaka 42.

---

Kibanda Umiza

Shikilia tu mkuu, hata mimi nimelala nayo.

Kwa wanaouliza mwisho wake: 1959 walimhamishia hospitali ya wafungwa ya Springfield, Missouri, mzee, mgonjwa. Muvi ikatoka 1962, Lancaster akatajwa kugombea Oscar (akachukua Gregory Peck), dunia nzima inamjua Stroud, yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuiona. Alcatraz ikafungwa Machi 1963. Yeye akafa tarehe 21 Novemba mwaka huo huo, miaka 73. Kesho yake Kennedy akapigwa risasi Dallas, na magazeti hayakuwa na nafasi ya mtu mwingine.

Yaani nae mwisho kapata tangazo la sabuni.

---

Dogo Mjanja

nimemaliza. sitasema kama nimelia au sijalia. kanari kwa hapa Dar zinauzwa wapi

---

Msee wa Rongai

😂😂😂 uyu ashapata kesi

---

Chura wa Msimbazi

Dogo tafuta kwanza mtungi wa maabara, ndege watakuja wenyewe.

---

Binti Afande

Mrejesho wakuu. Jumamosi nilienda nyumbani nikamuwekea baba hiyo muvi kwenye laptopu. Ana miaka 71, kavaa miwani, kanyamaza muda wote. Askari alivyochomwa kasogea mbele kidogo akasema wale wengine wamechelewa, halafu kanyamaza tena. Kwa ndege hajasema kitu. Mama alikuwa analia na upande wa kanga.

Tukafika kwenye ile sini ya Msee wa Rongai, Ransom anampa mfungwa lile kasha la mbao, muziki mzuri, mimi nafsi yangu imelegea, nikamgeukia baba nikajua sasa hapa nitapata neno. Baba akasema simamisha. Nikasimamisha. Akauliza, "Hilo boksi limepigiliwa na nini?"

Nikamwambia baba, misumari nadhani.

Akasema, "Kahesabu ngapi kabla hajampa?"

Nikamwambia baba ni muvi tu. Akavua miwani akaenda kuswali.

---

Kibanda Umiza

Mfikishie mzee shikamoo yangu. Mwambie tumehesabu vibaya wote humu.